Themostati Nilizotundika kwenye Waya

Baba yangu alikuwa na punda aliyeitwa Karani. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu alianza kazi saa tatu, kama karani wa ofisini. Mwezi wa saba, ule wa ukungu, wakati kule kwetu Tulia watu wanaenda kuchota maji wamejifunga shuka, Karani alisimama mlangoni pa zizi akaangalia upande jua linatokea. Umvute masikio, umchape, umsukume na bega, hasongi. Jua likishampata mgongoni vizuri, sikio moja linainuka. Linainuka na la pili. Kisha anaondoka mwenyewe, anashuka mtoni, anabeba mitungi minne na kupanda kilima chote bila kupumzika hata mara moja.

Baba hakuwa mtu wa kungoja. Alimuuza Karani kwa jirani akanunua punda mwingine, kijana, mweusi, wa kutoka mbio hata kabla jogoo hajamaliza kuwika. Huyo tulimsifu sana. Tulimsifu mpaka siku alipolala katikati ya kilima na mitungi yake, akakataa kuamka, na mama yangu akabeba mitungi miwili mgongoni huku akimtaja baba kwa majina yake yote. Karani naye alimbebea jirani maji mpaka mimi nikaota ndevu. Kila asubuhi alipita kwetu saa tatu na nusu, pole pole, na baba alikuwa anaingia ndani ya nyumba asimwone.

Mtasema, vijana mafundi, mlitaka habari za magari na huyu mzee anawapa punda. Ngojeni. Hata mimi nilikaa na habari hiyo miaka mingi kichwani kabla sijajua ilikuwa inaenda wapi.

Mimi ni Fundi Muthui wa Tulia. Shule nilifika darasa la nne, na la nne lenyewe nilifika tu, sikulimaliza. Mwalimu aliniambia kichwa changu ni kigumu. Fundi Kilonzo, aliyenifundisha kazi, akaniambia mikono yangu ni laini. Wote wawili walikosea, lakini Kilonzo alikosea zaidi, na kukosea kwake ndiko kulinilisha.

Kilonzo alikuwa fundi wa nguvu. Angesikia gari ikiwa bado iko mbali akakuambia vali gani inalia. Lakini alikuwa na imani moja. Gari yoyote ikiingia kwake, iwe imeletwa kwa breki, iwe ni taa tu, kabla haijatoka angefungua pale juu ya injini ambapo mpira mkubwa wa rejeta umeshikwa, atoe themostati.

Kama hujawahi kuishika, themostati ni kitu kidogo cha kukaa kiganjani, duara, na springi tumboni. Kazi yake ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji hayaendi kwa rejeta. Injini ikipata joto lake, mlango unafunguka, maji yanapita, yanapozwa, yanarudi. Basi.

Kilonzo aliishika hivi, na vidole viwili, kama mtu ameshika panya.

"Muthui, unajua hii ni nini?"

"Sijui, Fundi."

"Hii ni kitu ya watu wa baridi. Kule kwao gari ikiamka inataka kufunikwa blanketi. Sasa hapa kwetu, na hili joto, wewe ukilala unafunikwa blanketi ngapi?"

"Hakuna, Fundi."

"Basi toa blanketi."

Tukatoa. Karibu Ukambani kote tulitoa, na msicheke, kwa maana gereji nyingi mnazofanyia kazi nyinyi bado zinatoa. Kilonzo alikwaruza jina la mwenye gari juu ya ile themostati kwa msumari, akaitunga kwenye waya uliofungwa nguzo mpaka nguzo pale kibandani. Ilipokuwa safu ndefu, upepo wa mwezi wa nane ulikuwa unaipiga inalia kama kengele. Wenye magari waliona fahari. Mtu angekuja na mgeni wake, "Angalia, ile ya tano ni yangu." Kilonzo alipoacha kazi nikarithi kibanda, meza ya vaisi na waya. Nikaendelea kutunga.

Kitu kingine cha kumkumbuka Kilonzo ni kwamba hakuwa na nyusi. Alizipoteza siku alipofungua kifuniko cha rejeta ya moto akiwa na haraka ya kwenda matanga. Maji yalimrukia kama chui. Nyusi hazikurudi tena, na kwa hiyo uso wake ulikuwa wa mtu anayeshangaa kila wakati, hata akiwa ameudhika. Kwa kumwangalia tu nilijifunza mengi. Kabla ya kufungua kifuniko, weka kiganja juu ya ule mpira mkubwa wa juu, uhesabu mpaka kumi taratibu. Ukishindwa kufika kumi, kaa chini, kunywa chai.

Na chai yenyewe iangalie. Kwetu maji ya kisima cha pampu ni ya chumvi, mnajua, chai yake unaweza kula na ugali. Mtu anachota hayo anamimina kwenye rejeta miaka kumi, halafu anashangaa rejeta imefanya mawe ndani kama birika la bibi yake. Rejeta inataka maji ya mvua na kulanti, ile dawa ya rangi ya kuzuia kutu. Mimi nilikuwa naomba maji ya mvua kwa tanki la kanisa, linaloshika maji ya paa la mabati. Mchungaji alizoea. Akiniona na mtungi anauliza, "Leo unabatiza nani, Fundi?" Namjibu, "Leo ni lori, Mchungaji. Limetubu."

Ni mchungaji huyohuyo niliyemkosea na sabuni. Zamani, rejeta ikivuja, dawa zetu zilikuwa jikoni. Wengine unga wa mahindi, wengine pilipili manga, wengine yai bichi. Mimi nilipenda sabuni ya kipande. Unaikanda, unaipaka kwenye ufa, unaenda. Nikaipaka kwenye rejeta ya mchungaji. Lakini ufa ulikuwa mrefu na sabuni ikaingia ndani. Alifika kanisani siku ya mavuno, akapaki mbele ya waumini wote, na gari ikaanza kutoa povu mdomoni. Povu jeupe, la kunukia vizuri. Mama mmoja akapiga kelele kwamba gari ina pepo, na kwaya ikaanza wimbo wa kufukuza. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Niliimba kwa sauti kuliko wote.

Sasa tuje kwa Mama Kyalo.

Mama Kyalo ni mjane wa Tulia, anauza ndengu na kuku. Bwana yake, marehemu Mutinda, alimwachia pikapu ya zamani, rangi ya buluu iliyokuwa buluu. Hiyo pikapu ndiyo iliyopeleka mbuzi za ntheo za ndugu za Mutinda wote, na kabla hajafa alisema, "Hata za mwanetu Kyalo itapeleka hii." Kwa wale wa mjini wasiojua, ntheo ni mbuzi watatu ambao Mkamba anapeleka kwa kina msichana. Unaweza kufanya harusi ya keki na magari kumi, lakini kama mbuzi hao hawajafika, msichana bado ni wa baba yake. Na mtoto akizaliwa ni wa babu wa upande huo.

Kyalo alikuwa amemchukua Mwongeli, msichana wa nje kidogo ya Emali, na walikuwa na mtoto tayari. Mtoto wa kiume, na akaitwa Mutinda, jina la babu yake. Mama Kyalo hakuwa anamweka chini huyo mtoto. Alipima ndengu sokoni akiwa naye mgongoni.

Wakapanga Jumamosi ya kupeleka mbuzi. Mimi sikuwepo. Walifika Mto Athi tu, pikapu ikachemka, ikamwaga maji yote, wakasaidiwa na watu wanaochota mchanga mtoni kuisukuma, wakarudi na mbuzi wao. Wiki hiyo Mwongeli akaenda na mtoto kumsalimia mama yake. Baba yake, Mzee Nthenge, mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, akamwambia: "Umefika nyumbani. Hapa hutoki, na huyu mtoto hatoki, mpaka nione mbuzi." Akawapa nafasi mbili. Jumamosi mbili zikipita bila mbuzi, basi, mtoto atalelewa Emali na atabadilishwa jina.

"Kodisha gari," nilimwambia Mama Kyalo alipoileta pikapu kwangu ikivutwa na trekta.

"Nikodishe watu waseme Mutinda hakuacha kitu?"

"Mama, mbuzi hawajui gari ya kukodi."

"Mimi najua. Fundi, tengeneza. Mimi nataka mtoto wangu."

Alisema "mtoto wangu," hakusema mjukuu. Nikafungua boneti.

Sasa hapa wekeni maanani, kwa sababu sehemu hii niliifanya vizuri. Kutafuta mahali maji yanavuja si kazi ya macho peke yake. Kwanza, gari ilale juu ya katoni kavu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, unasoma katoni. Tone liko mbele, liko nyuma, liko katikati? Pili, tafuta alama nyeupe au ya kijani iliyokauka, maana maji yakivuja juu ya chuma cha moto hukauka haraka lakini huacha alama. Tatu, ninacho kifuniko kimoja cha rejeta cha zamani nilichotoboa nikachomelea vali ya tyubu ya baiskeli. Unakifunga kwenye rejeta, unapiga hewa kwa pampu ya baiskeli, kidogo tu, si kama unajaza trekta, halafu unanyamaza. Unasikiliza. Mahali panapovuja patalia *tss*, na maji yatajitokeza yenyewe.

Ya Mama Kyalo ilikuwa na ugonjwa mahali pane. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka na kufungwa kwa vipande vya blada, mpira wa tyubu kuukuu. Nikaweka mpya na klipu mpya. Rejeta yenyewe ilikuwa na ufa kwenye maungio, nikachomelea kwa risasi ya kuyeyusha. Kifuniko chake springi ilikuwa imekufa, nikaweka kingine, maana kifuniko kikilegea maji huchemka upesi, hiyo vijana wengi hawajui. Ya nne ni pampu ya maji. Pampu ina katundu kadogo chini. Kakianza kutoa machozi, msikazibe! Kilonzo alikuwa anakaziba kwa kijiti cha kiberiti. Katundu kako hapo kukuambia kwamba sili ya ndani, ile inayozuia maji, imekwisha. Ni kama kuziba mdomo mtoto anayekuambia nyumba inaungua. Nikabadilisha pampu.

Nikapiga hewa tena. Kimya. Hakuna tone. Nikajisifu mbele ya mama wa hoteli iliyo kando ya kibanda changu na wateja wake wote. "Hii sasa," nikasema, "inaenda mpaka Mombasa na kurudi."

Jumamosi ya kwanza kati ya zile mbili, nikaenda nao. Kyalo kwa usukani, mama yake katikati, mimi dirishani, nyuma mbuzi watatu na shangazi wanne wakiimba. Tukavuka Athi bila shida. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa. Nikamwonyesha Mama Kyalo, "Unaona? Baridi kama mtungi wa udongo." Tukaanza kupanda kwenda Wote. Katikati ya mlima mshale ukaamka, ukapanda wote mara moja, na boneti ikatoa moshi.

Nilishuka nikaangalia kila mahali. Hakuna tone lililovuja hata moja. Maji yamo, na gari imechemka. Shangazi wakaacha kuimba. Mbuzi mmoja akaendelea.

Tulikaa pale kando ya barabara mpaka lori la mifugo likasimama, tupu, linatoka soko la Emali. Dereva alikuwa mtu wa makamo, kanzu imefungwa kiunoni, anaitwa Hassan. Akatupatia maji na akaja kuinama karibu na mimi kwenye boneti.

"Mzee, inavuja?"

"Haivuji."

"Pampu?"

"Mpya."

"Themostati?"

"Nilitoa zamani. Huku ni joto."

Yule mtu aliniangalia. Akasimama wima, akashika kioo cha lori lake kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, akacheka mpaka shangazi wakaanza kucheka na hawajui kwa nini.

"Huku ni joto!" akasema. "Wallahi, mzee wangu. Mimi nyumbani ni Garissa. Kwetu mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake. Na lori langu linayo. Njoo uone."

Akaniambia pole pole, bila kunidharau, na mimi nawaambia nyinyi hivyohivyo. Injini kama ile ina njia mbili za maji. Moja inaenda kwa rejeta kupozwa. Nyingine ni ya mkato, inarudi kwa injini moja kwa moja. Themostati ikifungua ile ya rejeta, kwa tako lake inafunga ya mkato. Ukiitoa, ya mkato inabaki wazi milele, na maji mengi ya moto yanazunguka hapohapo bila kuona rejeta. Kwenye tambarare hutajua. Asubuhi injini inakaa baridi, inakunywa petroli kama mgeni wa harusi, na hutajua. Lakini weka mzigo, panda mlima, utajua.

Nilisimama kando ya barabara ya Wote na umri wangu wote, na kitu kilichonijia kichwani kilikuwa ni masikio ya punda. Moja linainuka. Linainuka la pili. Baba yangu aliuza mmoja tu. Mimi nilikuwa nimejaza waya mzima.

Tukageuza gari. Kuteremka haikuchemka, ilitudharau tu. Tulipofika Tulia, Mama Kyalo akasema, "Imebaki Jumamosi moja, Fundi."

Jumatatu nikapiga simu maduka ya spea Kitui. La kwanza likaniuliza, "Hiyo gari bado iko?" La pili likacheka tu. Nyinyi mkiweza kupata mpya, nunueni mpya, wala msiwe wabahili. Mimi nilikuwa na waya.

Nikaushusha. Zilikuwa thelathini na moja. Nikaomba mama wa hoteli sufuria yake kubwa na jiko, nikaweka nje, maana kupima themostati ni kuichemsha. Unaifunga uzi, unaining'iniza ndani ya maji isiguse chini, unaangalia. Maji yakiwa ya moto sana lakini hayajatokota, inatakiwa ifungue mdomo. Ukiitoa ikapoa, ifunge. Isiyofungua imekufa. Isiyofunga pia imekufa.

Ilikuwa siku ya soko. Watu wakajaa.

"Fundi, hiyo supu ni ya nini?"

"Ya mifupa ya magari."

"Umeweka chumvi?"

"Maji ni ya kisima, chumvi imo!"

Mzee mmoja akaona jina lake likipita kwenye uzi. "Aiya! Hiyo ni ya gari yangu niliyouza kwa mwalimu! Rudisha!" Nikamwambia amuulize mwalimu kwanza kama bado anapanda milima. Zilizo nyingi zilikuwa zimeshikana kwa kutu, zimekufa kifo cha kutundikwa. Moja ilifungua ikakataa kufunga, mama wa hoteli akasema hiyo ni kama jirani yake.

Kisha nikashika moja na kusoma herufi zangu mwenyewe. MUTINDA, na ile N imeangalia nyuma, kwa maana hata darasa la nne N ilikuwa inanipiga chenga. Mama Kyalo alikuwa amesimama hapo na kikapu chake cha mayai. Nikaishusha kwenye maji. Tukangoja. Watu wakasogea karibu, sijui kwa nini, ni chuma tu. Maji yakaanza kutoa vijiputo vidogo pembeni. Na ile themostati, baada ya miaka ishirini na kitu kwenye upepo, ikafungua mdomo taratibu, kama mtu anayeamka.

Watu walipiga makofi! Nikaitoa, ikafunga. Nikarudia, ikafungua. Nikarudia mara ya tatu.

Mama Kyalo akaniuliza, "Kwa hivyo haikuwa imeharibika?"

"Haikuwa."

"Ulitoa kitu kizima kwa gari ya bwana yangu?"

"Nilitoa, mama."

"Na akakushukuru?"

"Akanishukuru sana. Alinipa kuku."

Nilikuwa tayari kwa maneno yoyote, na ningeyapokea. Lakini bega lake likaanza kutikisika, na nikaona anacheka, mayai yanagongana kikapuni. "Mutinda na akili yake yote," akasema. "Na kuku alikuwa wangu!"

Kuiweka ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Kwaruza mahali gasketi ya zamani ilikaa mpaka chuma king'ae. Kata gasketi mpya kwa karatasi yake, usikate kwa katoni ya sabuni. Upande wa springi uangalie ndani ya injini. Ile pini ndogo inayocheza ikae juu, ndiko hewa inakopitia. Bolti kaza huku kidogo, huku kidogo, kwa kiasi, kwa sababu kile kifuniko ni chepesi na ukikikaza kwa hasira kinapasuka. Nikaenda kwa tanki la kanisa. Mchungaji akauliza nabatiza nani, nikamwambia leo ni mimi mwenyewe. Nikachanganya maji na kulanti, nikamimina pole pole, nikawasha injini kifuniko kikiwa wazi, nikawa naminya ule mpira wa juu ili hewa itoke. *Blop. Blop.* Mpira ulikaa baridi muda mrefu. Halafu mara moja ukawa wa moto chini ya kiganja changu. Mlango umefunguka. Vijana, nimeshika vitu vingi maishani, lakini joto lile sijalisahau.

"Ikichemka Jumamosi," nikamwambia Mama Kyalo, "naacha kazi."

"Na isipochemka?"

"Naacha pia. Lakini nitaacha nikicheka."

Jumamosi tukaondoka asubuhi, watu walewale na mbuzi walewale, ambao sasa walijua njia na mmoja aliruka kwenye gari mwenyewe. Hatujafika hata Athi, Mama Kyalo akanishika mkono.

"Fundi! Inapanda!"

Ni kweli, mshale uliozoea kulala chini ulikuwa unainuka. Kyalo akaanza kutafuta mahali pa kusimama.

"Usisimame," nikamwambia.

"Mzee, inapanda!"

"Iache ipande. Haijawahi kukaa kwenye joto lake tangu uzaliwe. Iache."

Niliongea kama mtu anayejua, lakini chini ya koti shati langu lilikuwa limeloa. Mshale ukapanda. Ukafika katikati. Ukasimama hapo. Tukavuka mto, tukaanza mlima wa Wote, injini ikanguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti nene, ya kushiba. Tulipita pale tulipochemkia. Kyalo akapiga honi. Mshale katikati. Kileleni shangazi waliimba mpaka mbuzi wakanyamaza kwa heshima.

Saa sita hivi tukafika kwa Mzee Nthenge. Alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, na kando yake amepanga mitungi mitatu ya maji, imejaa hadi shingoni.

"Nilisikia gari yenu ina kiu," akasema. "Nimewawekea."

Kyalo akazima injini. Mzee akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti, akainama, akaangalia chini kama mtu anayetafuta sindano. Hakuona tone.

"Mbona haitoi moshi?"

Mama Kyalo akateremka, akanyoosha kitenge chake. "Imeacha sigara," akasema.

Mzee Nthenge alijaribu kukaza uso. Alijaribu kabisa, nilimwona. Lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, halafu mdomoni, na kikishamtoka mtu wa maneno machache hakirudi. Akahesabu mbuzi, mmoja, wawili, watatu, akaangalia meno yao, akaita ndani ya nyumba. Mwongeli akatoka na mtoto. Mama Kyalo hakungoja salamu. Alimchukua huyo mtoto na kumfunga mgongoni hapohapo, na mtoto akashika skafu yake ya kichwa akaivuta kama mtu anayesema ulikuwa wapi.

Maji ya mitungi tuliyanawia mikono tulipokwenda kula.

Saa tisa wakaanza kupakia kurudi. Mwongeli alikuwa anarudi, na mtoto, na godoro, na kuku wawili wa mama yake. Kyalo akaniuliza, "Mzee, utakaa wapi?" Nikaangalia ndani ya pikapu. Pahali pangu pale dirishani alikuwa amekaa Mwongeli, na mtoto akiwa mapajani mwa bibi yake anapiga dashibodi kwa viganja viwili.

"Mimi natembea," nikasema.

Nikafungua boneti mara moja tu. Nikashika mpira wa juu. Ulikuwa wa moto vizuri, sikufika hata tano. Nikafunga boneti, nikampa Kyalo spana namba kumi na mbili niliyokuwa nayo mfukoni tangu siku za Kilonzo, nikatembea kuelekea barabara kuu. Kibanda changu kiko Tulia, na waya uko pale. Nilisema nitaacha kazi nikicheka, nikaacha. Sijarudi.